Saa Sita na Nusu Tunageuka

"Na usiporudi?"

Mama aliuliza hivyo tu, kikombe cha chai mikononi, Jumapili moja ya mwezi wa kwanza nyumbani Chwele. Mbele yake, juu ya kitambaa cha kufuma, nilikuwa nimelaza karatasi mbili nilizong'oa katikati ya daftari la shule. Juu kabisa niliandika kwa kalamu nyekundu, KOITOBOS, JUMAMOSI, na chini yake zikafuata saa, majina ya mahali, vyakula na namba za simu. Nilikuwa nimeipanga safari hiyo kwa wiki tano. Nilidhani nimejibu kila swali ambalo mtu angeweza kuuliza. Hilo la mama halikuwemo.

Mimi ni mwalimu wa jiografia Kitale, lakini kwetu ni Chwele, kaunti ya Bungoma. Kwa hiyo nimeutazama Mlima Elgon kutoka pande mbili, na ilinichukua miaka mingi kukubali kwamba ni mlima mmoja. Ukiwa Kitale uko magharibi, jua huenda kulala nyuma yake. Ukiwa Chwele uko kaskazini, umeziba upande mzima wa mbingu kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Si mlima wa kutiwa kwenye kalenda. Hauna kichwa cheupe kama Kilimanjaro, ingawa kwa umri ni mkubwa wake. Umelika, umetandazika, kitako chake ni kipana karibu kilomita 80, na juu hakuna ncha bali shimo la volkeno lenye upana wa kilomita nane hivi, limezungukwa na vilele. Kilele kirefu kuliko vyote ni Wagagai, mita 4,321, upande wa Uganda. Koitobos, mita 4,222, uko upande wetu, kwenye ukingo wa mashariki, umekatwa juu sawasawa kama meza. Mto Suam unatoka katikati ya lile shimo, unazunguka kaskazini kuwa Turkwel na kuishia Ziwa Turkana. Maji ya upande wa mama huteremka kusini mpaka Ziwa Victoria. Nikiwafundisha hayo watoto wa kidato cha pili huwaambia watazame dirishani. Wanatazama. Kisha wanarudi kwenye kitabu, kwa sababu mtihani hautoki dirishani.

Mwaka uliotangulia nilikuwa nimejaribu kwenda, nikashindwa, na namna nilivyoshindwa ndiyo iliyoniletea zile karatasi mbili.

Tulikuwa watatu: mimi, shemeji yangu, na mwalimu mwenzangu wa hesabu. Mpango wetu wote ulikuwa neno moja, "mapema". Tutoke mapema. Kila mtu akalielewa alivyotaka. Mwalimu wa hesabu alifika kwangu saa mbili asubuhi akiwa amependeza sana. Endebess tukasimama kula mandazi. Kwenye lango la Chorlim ndipo tulipokumbuka kwamba malipo ya mbuga hayapokewi mkononi, ni kwa mtandao, na kati yetu watatu ni simu moja tu iliyokuwa na pesa za kutosha na moto wa kutosha kwa wakati mmoja. Kisha gari. Shemeji ana Probox, na Probox ni gari shujaa, limebeba magunia ya mahindi ambayo lori lingelalamika. Lakini barabara ya kupanda mpaka mwisho wa njia ya magari, kwenye mita kama 3,500, ni ya gari linalosukumwa na magurudumu yote manne. Letu lilikwama kwenye matope ndani ya msitu wa mitarakwa, mbali sana chini. Tukaliacha hapo, tukaanza kutembea saa tano.

Askari wa wanyama aliyekuwa nasi alikuwa mtu mpole. Saa saba alisema, "Walimu, hapa wengi hugeuka." Tukamwambia bado kidogo. Saa nane akasema tena. Tukamwambia kile pale ndicho kilele, si unakiona? Hakikuwa kilele, kilikuwa kilima cha kwanza tu. Saa tisa ukungu ulishuka kama mtu amefunga mlango, kisha mvua ya mawe, na shemeji akakaa chini kwenye nyasi akishika kichwa kwa mikono yote miwili. Akatapika yale mandazi ya Endebess. Tuligeuka kwa sababu hakuna aliyeweza kuendelea. Kugeuka kwa namna hiyo si uamuzi. Tulishuka tukimshika shemeji kwapani, giza likatukuta kwenye mianzi, tochi tulikuwa na moja, ya simu, na nusu saa baadaye hatukuwa nayo. Langoni tulifika saa tatu usiku.

Kuhusu simu: ukizunguka upande ule, laini yako huweza kukimbilia minara ya Uganda bila kukuuliza. Yangu ilikuwa imefanya hivyo tangu mchana. Ilipopata mtandao wa nyumbani Endebess, ikaanza kutetemeka mfululizo. Mama alikuwa amepiga mara kumi na moja.

Nilimpigia. Nilijiandaa kugombezwa. Alisema, "Umefika?" Nikasema, "Nimefika." Akasema, "Haya," akakata.

Nilisikia mengine kwa dada yangu. Siku ile nilikuwa nimempigia mama asubuhi, kwa furaha, nikamwambia tunapanda mlima, jioni nitakupigia. Jioni, kwa mama, ni saa kumi na mbili. Saa kumi na mbili ilipopita alibeba kigoda chake, akazunguka nyumba, akaenda kukaa uani nyuma. Dada aliponiambia hivyo alinyamaza kidogo ili nielewe. Nilielewa. Mama hakuwa amekaa uani nyuma tangu 2007.

Uani kwetu nyuma ndiko mlima uliko. Zamani ndiko alikopukuchua mahindi, ndiko alikotusuka. Mwaka 2006 vita vilizuka kule juu kuhusu ardhi ya mradi wa makazi wa Chebyuk, na kwa miaka miwili watu waliteremka kutoka Cheptais na Kopsiro wakiwa na magodoro kichwani, wakajaa Chwele, Kimilili, Bungoma mjini, popote penye ndugu. Khocha wangu, kaka yake mama, alikuwa na shamba juu ya Cheptais. Alimleta mkewe na watoto kwetu usiku, wote salama. Walilala chumba chetu. Siku ya tatu alisema anarudi kutazama ng'ombe. Mama alimwambia ng'ombe ni ng'ombe tu. Akajibu, "Kesho jioni nitakuwa hapa." Mama akakaa uani nyuma kesho yake jioni, na kesho kutwa, na wiki nzima. Machi 2008 jeshi liliingia mlimani, baada ya miezi mambo yakatulia, watu wakaanza kurudi kwao mmoja mmoja. Khocha hatukumpata. Hatukupata mtu aliyemwona. Hatukupata hata kiatu. Mama alihamisha kigoda chake mbele ya nyumba, upande wa barabara, na tangu hapo kila kitu kilifanyika mbele: mahindi, nguo, wageni.

Na mimi, mtu mzima, mwalimu, nikamwambia jioni nitakupigia.

Ningeweza kuacha kabisa. Mke wangu alisema hivyo, na hakuwa na makosa. Walimu wenzangu waliniambia kupanda mlima bila sababu ni mambo ya wazungu, mwache mzungu apande, ana bima. Hilo la wazungu huwa linanichekesha. Ni kweli Joseph Thomson alipofika kwenye mapango ya Elgon mwaka 1883 aliandika kuhusu mapango hayo na dunia ikasoma, lakini aliwakuta watu wakiishi humo na ng'ombe wao. Waogiek wa Chepkitale makao yao ni huko juu kwenye nyasi na baridi. Elijah Masinde na wafuasi wake wa Dini ya Msambwa waliuona mlima huu kuwa mtakatifu, na serikali ya kikoloni ikaipiga dini hiyo marufuku mwaka 1948. Wabukusu na Wagisu tunajiita watoto wa Masaba, na Masaba ni jina la mlima. Vichipukizi vya mianzi vinavyokaushwa kwa moshi, ambavyo Wagisu huviita malewa, havishuki vyenyewe mpaka sufuriani. Watu wetu wamekuwa mlimani siku zote. Tofauti ni kwamba walikuwa na shughuli.

Shughuli yangu mimi sina namna nzuri ya kuieleza. Najua tu kwamba baada ya usiku ule mlima ulikuwa umerudi kuwa kile ulichokuwa kwa mama mwaka 2007, na aliyeurudisha hapo ni mimi. Nikiacha, ungebaki hivyo.

Basi mwezi wa kumi na mbili, shule zilipofunga, nilianza upya, na safari hii nilianza kutoka mwisho. Lango hufungwa saa kumi na mbili jioni. Nikaandika saa hiyo chini kabisa ya karatasi, nikawa napanda juu.

Nilitandaza ramani mezani na kuchukua uzi, kama ninavyowafundisha watoto. Uzi ulinipa kilomita saba hivi kutoka mwisho wa njia ya magari mpaka Koitobos. Uzi haujui kona zote, lakini ni mwanzo. Mistari ya kontua ikanipa kupanda kwa mita kama 700. Mwaka 1892 mkwezi mmoja wa Scotland, William Naismith, aliandika kanuni ambayo watembezi wa kule bado wanaipangia siku zao: saa moja kwa kila maili tatu, na saa moja zaidi kwa kila futi 2,000 unazopanda. Kwa vipimo vyetu ni kama kilomita tano kwa saa, na nusu saa kwa kila mita 300. Nikapiga hesabu: saa moja na dakika 25 za kutembea, saa moja na dakika kumi za kupanda. Saa mbili na dakika 35. Nilifurahi kwa muda wa chai moja hivi. Kisha nikakumbuka kwamba Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza, una mita 1,345. Soko la Chwele liko juu zaidi ya hapo. Wauza vitunguu wetu wanaamka kila siku juu ya paa la Uingereza. Bwana Naismith alikuwa mtu makini, ila hakupanga kwa ajili ya mahali ambapo kila pumzi inakupa karibu asilimia 60 tu ya hewa ya pwani. Nikaongeza saa nzima. Mwalimu wa hesabu, ambaye safari hii alikataa kwenda lakini alikubali kukagua, alisema kuongeza saa nzima si hesabu, ni woga. Nikamwambia aiandike hivyo hivyo.

Kwa hiyo: saa tatu na nusu za kupanda. Kushuka, kama saa mbili na nusu. Gari kutoka langoni mpaka juu, saa mbili na kidogo, na kurudi vivyo hivyo. Ukizijumlisha hizo unaona mara moja kwamba siku yenyewe ni fupi mno. Sisi hapa kwenye ikweta hatuna jioni ndefu. Wasomaji walioko Ulaya watanisimulia jua la saa nne usiku mwezi wa sita, nawapongeza, lakini letu mwezi wa pili likifika saa moja kasoro hivi linazima, na giza haliombi ruhusa.

Gari nilikodi kwa mtu wa Kitale mwenye Land Cruiser kuukuu, na nilimlipa nusu kabla ili asije akapata harusi. Malipo ya mbuga tungelipa Ijumaa, risiti tuichapishe kwenye karatasi. Askari wa kutembea nasi aombwe mapema, kwa sababu kule chini kuna nyati na ndovu, na nyati hasomi risiti.

Shemeji alitaka tupitie Pango la Kitum, kwa kuwa liko njiani. Kila mtu anataka Kitum. Ni pango ambalo ndovu huingia usiku, gizani kabisa, wakipapasa njia kwa mkonga, wakakwangua ukuta kwa pembe na kula mawe kwa ajili ya chumvi. Wamefanya hivyo kwa vizazi na vizazi mpaka pango limeingia mlimani karibu mita 200. Mimi pia nalipenda. Lakini mwaka 1980 Mfaransa mmoja aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha sukari huku magharibi alilitembelea kisha akafa kwa homa ya Marburg, na mwaka 1987 kijana wa Kidenmaki naye vivyo hivyo. Popo wanajulikana kubeba virusi hivyo. Watu wengi huingia Kitum na kutoka wazima, najua. Sababu yangu ilikuwa ndogo kuliko Marburg: pango linakula saa moja, na saa hiyo hatukuwa nayo. Nikalikata. Shemeji alininunia mpaka Krismasi.

Kuhusu kichwa chake, nilisoma na kuuliza. Tatizo si udhaifu, kwa sababu yeye hubeba magunia na mimi hubeba chaki, na bado aliyeugua ni yeye. Tatizo ni kutoka Kitale, mita 1,900, ukapanda gari mpaka 3,500 kwa asubuhi moja, mwili haujaambiwa. Ningekuwa na siku mbili tungelala katikati. Kwa kuwa ni siku moja, tuliandika sheria mbili. Ya kwanza: mwendo wa kuongea, yaani asiyeweza kumaliza sentensi anatembea haraka mno. Ya pili: kichwa kikiuma na tumbo likichafuka kwa pamoja, tunashuka wote, hakuna mtu wa kusubiri chini ya jiwe. Shemeji alitia sahihi. Nilimwambia si lazima kutia sahihi. Akatia.

Mazoezi tulifanya Chetambe, ule ukuta wa mawe juu ya Webuye ambapo Wabukusu walipigana na Waingereza mwaka 1895. Tulipanda Jumamosi nne mfululizo na mifuko mgongoni, tukishangiliwa na watoto waliodhani tumefukuzwa nyumbani. Nguo tulizipata kwenye mitumba ya Kitale. Joto hupungua kwa digrii sita hivi kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo asubuhi ya digrii kumi Kitale ni chini ya sifuri kwenye Koitobos, na upepo haujahesabiwa. Nilipata koti la mvua la mtu fulani wa Ujerumani, jina lake bado liko ndani ya kola. Viazi vitamu vya kuchemsha, njugu, ndizi, chai ya tangawizi kwenye chupa. Maji lita tatu kila mtu. Tochi tatu, na betri ambazo nilizijaribu mwenyewe.

Hayo yote yalikuwa kwenye karatasi mbili nilizopeleka Chwele. Nilikuwa nimeandika pia: *Saa saba kamili tunageuka, popote tulipo.* Nilijivunia sana mstari huo.

Mama alisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Hakuuliza kuhusu Naismith. Ndipo akasema, "Na usiporudi?"

"Nitarudi, mama. Ndiyo maana nimepanga."

"Khocha wako pia alipanga. Nauliza, usiporudi, mimi nafanya nini? Nakaa tu?"

Sikuwa na jibu. Wiki tano, uzi, kontua, na karatasi yote ilikuwa inazungumza nasi wenyewe tunaokwenda. Hapakuwa na neno hata moja kwa anayebaki.

"Leta kalamu," akasema.

Tuliandika pamoja. Nikifika mwisho wa njia ya magari kuna mahali simu hushika, kwa hiyo nitapiga hapo asubuhi na tena tukishuka. Nikiwa langoni nitapiga. Saa ya mwisho, alisema, iwe saa moja usiku, kwa sababu gari linaweza kupata pancha na yeye si mtu wa kupiga kelele bure. Saa moja ikipita, hatapiga simu yangu mara kumi na moja. Atampigia ndugu yake shemeji anayeishi Endebess, na huyo atakwenda langoni na bodaboda kuwaambia askari tulipitia wapi na tulikuwa wangapi. Kisha atampigia mke wangu, si kabla. Alitaka niandike rangi ya makoti. Nikaandika: moja la kijani, moja jekundu. Alitaka jina la askari atakayetembea nasi. Nikamwambia nitalijua siku hiyo asubuhi. "Basi utaniambia asubuhi."

Halafu akarudisha kidole kwenye mstari niliojivunia.

"Saa saba si mapema."

"Mama, tukigeuka saa saba tunafika langoni saa kumi na mbili kasoro. Nimepiga hesabu."

"Umepiga hesabu ya miguu. Mimi nimekaa na mlima huu miaka sitini. Saa saba mvua iko njiani." Akanieleza kile ambacho mimi huwafundisha watoto kwa maneno marefu, kwamba jua likipasha ardhi hewa yenye maji kutoka upande wa ziwa hupanda mlimani na kugeuka mvua alasiri, hata wakati wa kiangazi. Kwa maneno yake ilikuwa hivi: mlima ukivaa kofia kabla ya saa tatu, usianike mahindi. Kofia ikija saa tano, una mpaka saa nane. Ikikawia mpaka saa sita, una siku yako. "Saa sita," akasema.

"Tutafika juu saa sita. Tukigeuka saa sita tutakuwa tumeshika jiwe tu na kukimbia."

"Na wewe unataka kufanya nini huko juu? Kupika?"

Dada yangu alicheka kutoka jikoni. Tulibishana kama watu wa sokoni, tukakutana katikati. Aliifuta "saa saba kamili" kwa mistari miwili iliyonyooka, akaandika juu yake kwa mkono wake: *sita na nusu*. Kisha akazikunja zile karatasi na kuziweka kwenye mfuko wa leso yake. Nilimwambia hiyo ndiyo nakala pekee niliyo nayo. Akasema nikaandike nyingine.

Nilipokuwa nikirudi Kitale kwa matatu, kupitia Kimilili na Kamukuywa, mlima ulikuwa dirishani kushoto njia nzima, na kofia yake ilikuwa nene. Niliandika nakala usiku huohuo.

Ijumaa ya safari tulilipa, tukachapisha risiti, tukajaza chupa. Shemeji alikuja kulala kwangu ili "mapema" lisipate nafasi. Mke wangu alichemsha viazi, akaviweka mezani bila kusema neno, kisha akaniuliza lile koti la kijani ni la nani kati yetu. Nikamwambia langu. Akaitikia kwa kichwa, na nikajua kwamba mama ameshampigia.

Saa kumi na robo alfajiri, nikiwa nafunga viatu, simu ililia.

"Umeamka?"

"Nimeamka, mama. Tunangoja gari."

"Naona nyota mpaka pale mlima unapoanza. Hakuna kitu juu yake."

Nilisikia jogoo upande wake, na upepo kwenye simu, kama mtu aliye nje. Baridi ya saa hiyo Chwele naijua. Nikamuuliza amekaa wapi.

"Huku nyuma," akasema. "Nimebeba na mahindi, nitapukuchua kukicha. Karatasi ninayo. Jina la askari usisahau."

Taa za Land Cruiser zikapita kwenye pazia. Shemeji akabeba mfuko wa viazi.